eBay walizima matangazo ya Google kwenye karibu theluthi ya Marekani, mauzo yakabaki palepale

Kila anayeuza kitu mtandaoni ana swali moja hata kama hajawahi kulitamka: hii hela ya matangazo inarudi au inapotea? Na jibu ambalo wengi tunaridhika nalo ni lile la dashibodi, unafungua unakuta watu elfu kadhaa wameona, mia kadhaa wamekliki, kadhaa wamenunua, unagawa hela kwa idadi ya walionunua unasema safi inalipa, kesho unaongeza bajeti. Ndo maana nataka tukipitie kisa cha eBay cha mwaka 2012 taratibu, maana wale jamaa walikuwa na dashibodi nzuri kuliko yako na yangu, walikuwa na wataalamu, na bado namba waliyokuwa wanaweza kuipata kwa njia ya kawaida ilikuwa imepotoka vibaya sana. Kilichowatoa gizani ni kupima nadharia tete, yaani kuanza na dhana halafu kuangalia kama data inaikataa, kitu ambacho wengi tulikutana nacho chuo kwenye somo la takwimu tukakariri fomula, tukafanya mtihani, tukaachana nacho.

Tuanze na hali ilivyokuwa. eBay ni soko la mtandaoni, watu wanauziana vitu, kampuni inakula kamisheni. Wakati huo walikuwa wanalipia matangazo kwenye injini za utafutaji, yale yanayotokea juu kabisa ukitafuta kitu Google, na walikuwa wanalipa kwa kila kliki. Walikuwa na maneno zaidi ya milioni 100 wanayoyalipia, yanasimamiwa na programu inayojisasisha kila siku. Maneno yenyewe yalikuwa ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni yenye jina la kampuni ndani yake, mtu anaandika "ebay shoes" halafu juu inatokea tangazo la eBay, na chini yake kidogo inatokea linki ya kawaida ya eBay hiyohiyo, ambayo hailipiwi. Kundi la pili ni maneno ya kawaida tu kama "cell phone" au "used gibson les paul", mtu anatafuta simu au gitaa lililotumika na wala hajataja duka lolote.

Watu watatu, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, wachumi waliokuwa wanafanya utafiti ndani ya eBay, wakaanza kuuliza kuhusu lile kundi la kwanza. Mtu ameandika jina la kampuni yako kwa mkono wake. Anajua anakokwenda. Sasa wewe unamlipa Google ili mtu huyu afike mahali ambapo alikuwa anakuja?

Hapa ndo akili ya mpiga debe inaingia. Abiria amefika stendi na begi lake, gari ameshalichagua tangu nyumbani, mpiga debe anamdaka hatua tano za mwisho anamshikia begi hadi mlangoni, halafu anamgeukia konda anataka chake. Ukimuuliza konda kwa daftari la mpiga debe, huyu bwana kajaza gari zima. Na hajadanganya kuhusu mabegi, kila begi kalishika kweli. Swali ambalo daftari lake haliwezi kujibu ni hili: asingekuwepo, ni wangapi wasingepanda?

Hilo "asingekuwepo" ndo moyo wa mambo yote. Dashibodi inahesabu waliopita kwenye tangazo, haihesabu waliokuja kwa sababu ya tangazo, na hivi vitu viwili vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Kwahiyo mwezi Machi 2012 wakazima matangazo ya jina la eBay kwenye Yahoo na MSN (injini ya utafutaji ya Microsoft), ila Google wakayaacha yanaendelea. Angalia hapo, hawakuzima kote. Google aliachwa makusudi awe wa kulinganishia, na faida yake ikaonekana haraka. Ukichukua MSN peke yake ukalinganisha kliki za kabla na baada ya kuzima, zilishuka kwa asilimia 5.6. Mtu wa masoko akiona hiyo anasema si mnaona, rudisheni tangazo haraka. Lakini kipindi hichohicho na kule Google ambako hakuna kilichoguswa nako watu walikuwa wamepungua, ni msimu tu. Ukishatoa ile sehemu ya msimu, upungufu halisi uliobaki ni karibu asilimia 0.5. Yaani asilimia 99.5 ya kliki zilizokuwa zinalipiwa zilihamia kwenye linki ya bure iliyokuwa chini yake. Mtu aliandika jina, hakuona tangazo, akashuka mstari mmoja, akakliki bure.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hii "kabla na baada" ndo ugonjwa wetu mkubwa. Mtu anaanza kulipia matangazo tarehe 20 mwezi wa kumi na moja, Desemba mauzo yanapanda, anasema tangazo limefanya kazi. Ndugu yangu, Desemba mauzo yanapanda hata kwa asiye na simu. Bila kitu cha kulinganishia ambacho kimepita kwenye msimu huohuo, hali ya hewa hiyohiyo, mishahara ya mwisho wa mwezi hiyohiyo, huna jibu, una tarehe mbili tu.

Sasa matangazo ya jina yalikuwa swali jepesi, hata ukimuuliza mtu barabarani anaweza kubahatisha jibu. Swali gumu lilikuwa kundi la pili, mtu anayetafuta gitaa na hajataja duka. Hapa hoja ya tangazo ina nguvu kweli, usipomdaka wewe atadakwa na mwingine. Na hela nyingi ndo ilikuwa huko.

Njia ya kawaida ya kulijibu ilikuwa ni kuchukua data ya nyuma, siku gani na eneo gani walitumia kiasi gani kwenye matangazo, mauzo yalikuwa kiasi gani, unachora mstari. Walipofanya hivyo bila kurekebisha chochote mstari ulisema faida ni zaidi ya asilimia 4,000, na hata baada ya kurekebisha kwa majira na maeneo ilibaki juu ya asilimia 1,000. Namba za namna hiyo zikitua mezani kwa bosi, bajeti inapita bila maswali.

Kasoro yake iko wapi? Unalipa kwa kliki. Watu wakitaka kununua wanatafuta sana, wakitafuta sana wanakliki sana, wakikliki sana bili ya tangazo inapanda, na kwa kuwa walitaka kununua, mauzo nayo yanapanda. Bili na mauzo vinapanda pamoja kwa sababu vyote vinasukumwa na hamu ya mteja. Huhitaji tangazo lifanye kazi hata kidogo ili upate grafu nzuri ya hivyo.

Dawa ni kuvunja huo uhusiano kwa kupiga kura. Marekani imegawanywa maeneo 210 ya soko la televisheni, mgawanyo wa kampuni ya Nielsen, kila eneo kwa kawaida ni mji na viunga vyake. eBay wakachagua baadhi ya maeneo kwa bahati nasibu, kama asilimia 30 hivi ya wateja wao wa Marekani, wakazima matangazo yote ya maneno ya kawaida kwenye Google kwa siku 60. Maeneo mengine yakaendelea kama kawaida. Bahati nasibu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana ukimwachia meneja achague maeneo ya kuzima atachagua yale ambayo hayauzi, halafu mwisho wa siku utakuwa unalinganisha maeneo legelege na maeneo yenye nguvu na utasema ni tangazo. Kura haina upendeleo, haijui wapi kuna hela.

Na sasa tufike kwenye nadharia tete yenyewe. Unaanza kwa kudhani kitu ambacho hukipendi: tangazo halina kazi, kuzima na kuwasha ni sawa. Hiyo ndo dhana ya kuanzia, inakaa pale kama mshtakiwa ambaye hana hatia mpaka data imtie hatiani. Halafu unajiuliza, kama kweli tangazo halina kazi, bahati tupu ya ile kura ingeweza kutengeneza tofauti kubwa kama hii niliyoiona mara ngapi? Ikiwa ni nadra sana, kwa mazoea chini ya mara 5 kwa 100, unaikataa dhana. Ikiwa ni jambo la kawaida, unashindwa kuikataa. Kushindwa kuikataa si sawa na kuithibitisha, na hili tutalirudia maana ndo wengi wanapojikwaa.

Matokeo ya siku 60: mauzo kwenye maeneo yenye tangazo yalizidi yale yasiyo na tangazo kwa chini ya asilimia moja, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuitofautisha na sifuri. Dhana ya "tangazo halina kazi" haikukataliwa.

Mtu mvivu anaishia hapa. Anasema haijakataliwa, kwahiyo tangazo ni bure, tufunge. Mtu mwingine wa upande wa pili naye anasema hapana, haijakataliwa maana yake hamjui, huenda linafanya kazi ila jaribio lenu ni dogo, tuendelee kulipa. Na kwa jinsi swali lilivyoulizwa wote wawili wana pa kushika. Tatizo ni kwamba swali lilikuwa si lile la biashara. Biashara haiulizi kama tangazo lina athari yoyote, biashara inauliza kama athari hiyo inafidia gharama. Hizo ni dhana mbili tofauti na data ileile inaweza kuzijibu tofauti.

Wakapiga hesabu ya faida. Makadirio yakatoka hasi asilimia 63, yaani kila dola 100 iliyotoka ilirudi kama dola 37. Na wigo wa asilimia 95 wa makadirio hayo ulianzia hasi 124 hadi hasi 3. Wigo maana yake ni namba zote ambazo data yako bado inazivumilia, ambazo huwezi kuzikataa kwa kipimo kile cha 5 kwa 100.

Sasa isome hiyo polepole. Hasi 100 ingekuwa na maana hela yote imepotea, tangazo halikuleta hata mteja mmoja. Hasi 100 iko ndani ya wigo, kwahiyo huwezi kukataa kwamba tangazo halina kazi kabisa, na hii inakubaliana na lile jibu la mwanzo. Sifuri ingekuwa na maana hela imerudi yote, hukupata hukupoteza. Sifuri iko nje ya wigo, iko juu ya hasi 3. Kwahiyo dhana kwamba tangazo linajilipa imekataliwa. Umeona? Swali la kwanza, tangazo lina athari? Hatuwezi kusema. Swali la pili, tangazo linajilipa ndani ya kipindi hicho? Hapana, na tunaweza kusema hapana kwa kujiamini. Jaribio moja, data moja, jibu moja ni "hatujui" na jingine ni "hapana", na lile la "hapana" ndo linaloamua bajeti. Mimi naona hili ndo somo kubwa kuliko yote kwenye kisa hiki na ndo linalorukwa kila kikisimuliwa, watu wanasema tu eBay waligundua matangazo hayafanyi kazi, wakati hawakugundua hivyo.

Kuna kingine. Waliwagawa wateja kwa historia yao ya kununua. Kwa watu ambao hawajawahi kujisajili eBay, na wale waliokuwa wamenunua kitu kimoja au viwili tu mwaka uliotangulia, tangazo lilikuwa na athari ya kweli, inayoonekana na kupita kipimo. Kwa wale wateja wa kudumu hakukuwa na kitu. Na bahati mbaya hao wa kudumu ndo waliokuwa wanakliki zaidi, kwahiyo ndo waliokula sehemu kubwa ya bajeti. Tangazo linamfaa asiyekujua. Anayekujua unamlipia nauli ya safari aliyokwisha kuianza.

Hapa tahadhari moja, maana kugawa wateja kwenye vikundi ni mtego mkubwa. Ukigawa wateja kwa umri, jinsia, mji, aina ya simu, siku ya wiki, hadi ufike vikundi 20, kwa kipimo cha 5 kwa 100 utegemee kimoja kitapita hata kama hakuna kitu popote. Kilichowaokoa eBay ni kwamba mgawanyo wao ulikuwa na sababu inayoeleweka, kama kazi ya tangazo ni kumjulisha mtu basi anayejua zaidi aathirike kidogo zaidi, na matokeo yakafuata mpangilio huo hatua kwa hatua. Sio kikundi kimoja cha ajabu kilichochomoza katikati.

Najua kuna watakaosema mbona Google wenyewe mwaka 2011 walitoa utafiti wakasema asilimia 89 ya kliki za matangazo hazifidiwi na linki za bure tangazo likizimwa? Ni kweli walitoa. Ila ule ulikuwa wastani wa makampuni mengi tofauti, na ulipima kliki, na kliki haijazi droo. eBay ni jina ambalo Mmarekani yeyote analijua. Duka ambalo hakuna anayelijua linaweza kupata jibu tofauti kabisa, na ndo maana usichukue jibu la eBay ukaliweka kwenye biashara yako. Chukua njia yao.

Basi tuichukue. Sema unauza viatu mtandaoni Dar, unapeleka kwa boda, unalipia posti Instagram na unaweza kuchagua eneo gani tangazo lionekane. Namba zinazofuata ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ionekane.

Una maeneo manane unayopeleka sana: Sinza, Tabata, Mbagala, Kigamboni, Ubungo, Mbezi, Temeke, Kinondoni. Andika majina kwenye vikaratasi, tia kwenye kopo, mwambie mtu mwingine achomoe vinne. Hayo manne yanapata tangazo kwa wiki mbili, mengine manne hayapati. Kabla ya kuanza andika kwenye daftari utapima nini na utamaliza lini, na usibadili katikati kwa sababu umeona mambo yanakwenda vizuri, maana ukichungulia kila siku na kusimama siku inayokupendeza utapata ushindi hata kwa tangazo lisilo na kazi.

Wiki mbili zikiisha, kwa kila eneo chukua jozi ulizouza utoe jozi za wiki mbili zilizotangulia. Tuseme maeneo yenye tangazo yamebadilika kwa +5, +4, +3 na +1, na yasiyo na tangazo ni +2, 0, -1 na -2. Kwa macho inapendeza. Lakini je, bahati tupu ingeweza?

Huhitaji fomula. Dhana ya kuanzia inasema tangazo halina kazi, maana yake hizo namba nane zingekuwa vilevile hata kopo lingetoa vikaratasi vingine. Sasa, kuchagua maeneo manne kati ya manane kuna njia 70. Mwanatakwimu Ronald Fisher mwaka 1935 alieleza jaribio la kuonja chai na kutambua kilichotangulia kumiminwa, lenye hesabu hiihii, vikombe nane, vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, njia 70 za kubahatisha na moja tu ya kupatia vyote. Kwako wewe jumla ya maeneo yenye tangazo ni 13. Kati ya makundi yote 70, ni mangapi yana jumla ya 13 au zaidi? Ni mawili tu, lile lako, na lile la 5, 4, 3 na 2 lenye jumla ya 14. Mawili kwa 70 ni kama asilimia 2.9, chini ya 5. Umeikataa dhana. Tangazo lako lina athari, hongera.

Sasa usikimbilie kuongeza bajeti, uliza swali la pili. Wastani wa wenye tangazo ni jozi 3.25, wasio nalo ni -0.25, tofauti ni jozi 3.5 kwa eneo, mara maeneo manne ni jozi 14 ambazo tangazo limeleta. Kama unapata faida ya sh 8,000 kwa jozi, ni sh 112,000. Na kama tangazo lilikugharimu sh 150,000, umepoteza sh 38,000. Tangazo linafanya kazi na linakula hela yako, yote mawili kwa wakati mmoja.

Ila na wewe ujibane kama eBay walivyojibana, je una uhakika kwamba halijilipi? Ili lijilipe lilitakiwa lilete jozi 18.75, yaani karibu 4.7 kwa kila eneo. Fanya hiyo iwe ndo dhana yako ya kuanzia, tangazo linaleta jozi 4.7 kwa eneo. Toa 4.7 kwenye kila eneo lenye tangazo, unabaki na 0.3, -0.7, -1.7 na -3.7, jumla yake -5.8, halafu yachanganye na yale manne mengine uhesabu tena kati ya makundi 70 ni mangapi yana jumla ya -5.8 au chini ya hapo. Nimeyahesabu ni 14, yaani asilimia 20. Hiyo si nadra. Kwahiyo huwezi kuikataa. Inawezekana kabisa tangazo linajilipa na wiki hizi mbili ulikosa bahati.

Kwahiyo msimamo wako wa kweli ni huu: tangazo lina athari, kwa makadirio linapata hasara, ila kwamba ni hasara bado hujui. Ni kinyume cha eBay, wao walijua halijilipi na hawakujua kama lina athari. Tofauti imetoka kwenye ukubwa wa athari na ukubwa wa jaribio, wao walikuwa na maeneo 210 na wigo wao ukabana kiasi cha kuiacha sifuri nje kwa asilimia 3 tu. Hata kwao, ilikuwa karibu. Mwaka 2015, mwaka uleule utafiti wa eBay ulipochapishwa kwenye jarida la Econometrica, Randall Lewis na Justin Rao walichapisha uchambuzi wa majaribio 25 ya matangazo ya makampuni makubwa ya Marekani wakaonyesha kwamba hata majaribio yenye watu kibao mara nyingi hayawezi kutofautisha tangazo linalolipa vizuri na linalopata hasara, kwa sababu manunuzi ya watu yanapanda na kushuka sana kuliko athari ya tangazo lenyewe. Kwahiyo mtu akikuletea ripoti ya wiki moja anakuambia tangazo limerudisha mara nane, muulize amelinganisha na nani.

Cha kufanya na duka la viatu, geuza. Yaliyokuwa na tangazo yakae bila, yaliyokaa bila yapate, wiki mbili nyingine zisizo na sikukuu wala mwisho wa mwezi upande mmoja tu. Kila eneo sasa linalinganishwa na lenyewe, na zile tofauti za Sinza na Mbagala ambazo hazihusiani na tangazo zinapungua. Kumbuka mtu anaweza kulala Mbagala na kushinda Kariakoo, tangazo likamkuta huko, ndo maana maeneo makubwa kama yale ya televisheni ya eBay yanafaa kuliko mitaa, na wewe ukiweza kutumia miji, Morogoro, Dodoma, Tanga, Moshi, ni bora zaidi kuliko kugawa Dar vipande vidogo.

Na kwenye daftari la oda ongeza safu moja tu, namba ya simu ya mteja ipo kwenye orodha ya zamani au ni mpya. Maana ukikuta zile jozi 14 karibu zote ni za namba mpya, hesabu ya faida inabadilika, mteja mpya anaweza kurudi mwezi wa tatu bila tangazo na hiyo sh 8,000 ikawa mara mbili. Ukikuta ni namba za zamani, hao watumie meseji ya WhatsApp mzigo ukiingia, bando lake ni senti.